Folda ya Babu Isaka

Emilia wa Lukuledi hakuwahi kumtaja baba mkwe wake kwa jina, wala mzee hakuwahi kumwita kwa lake. Ndiyo adabu ya ukwe kwetu. Waliitana kwa jina la mtoto, Mama Isaka na Babu Isaka, mpaka mzee alipokutwa amekufa sakafuni chumbani mwake, kompyuta aliyokuwa akijirekodia wimbo wa kanisa ikiendelea kurekodi. Mumewe Emilia aliizima, na hakuna aliyeisikiliza rekodi ile.

Siku hiyo Emilia alikuwa uani na kazi zake. Akasikia, "Emilia." Nani wa nyumba ile amwite hivyo? Sauti usiyoijua ikikutaja huitikii, hata mtoto anajua. Akanyamaza. Tangu hapo hana raha. Anataka kujua kama aliyeita ni mzee, na anaogopa kujua.

Sasa kompyuta imeharibika, inaonyesha weusi na maandishi tu, na jioni fundi Nurdini anakuja kutoka Masasi kufuta kila kitu. Emilia akampigia simu.

"Kuna wimbo wa marehemu humu. Nitausikiaje?"

"Usiogope weusi huo, mama. Andika pwd, itakwambia uko wapi. Andika ls, itakuonyesha vilivyomo. Ukiandika cd na jina la folda, unaingia. Ukipotea, cd na nukta mbili, unarudi nyuma."

Akaandika ls. Folda ya mzee ilikuwamo, kwa jina lake. Vidole vikagoma. Akaandika cd BabuIsaka, ikamjibu hakuna folda hiyo. Akarudia, ikamkatalia tena. Mashine zina kiburi, hazijui ukwe.

"Andika kama unavyoliona," alisema Nurdini.

"Siwezi. Ni mkwe wangu."

Nurdini ni wa hukuhuku, hakucheka. "Basi andika cd, kisha B peke yake, ubonyeze kitufe cha Tab."

Jina likajimalizia lenyewe: Bartholomayo. Emilia akasisimka mwili mzima, kama mzee kajitaja mwenyewe. Ndani mlikuwa na faili moja. Nurdini akamwambia aandike aplay, amri ya kucheza sauti, na jina la faili hilo, akakata simu.

Mzee aliimba beti mbili, akakohoa. Kiti kikaanguka.

"Mama Isaka," akaita, kwa sauti isiyo yake. "Mama Isaka."

Huko nje ulisikika mchi ukitwanga. Ulikuwa mchi wa Emilia, wa siku ile.

"Emilia."

Mchi ukatua kidogo, kisha ukaendelea kutwanga.

"Abee, baba," Emilia akaitika.