Ndege Mgeni wa Yakobi

Nilipokuwa mtoto pale kijijini Yakobi, enzi za Mwingereza, alikuja nyumbani kwetu ndege ambaye hakuna aliyemjua. Mdogo, kifua cha njano, na kuimba anaimba weee! Wazee walikuja kumsikiliza, wakatikisa vichwa. Si wa huku, walisema.

Bibi, mzaa baba, hakushangaa. Kwetu iliaminika kwamba ndege mgeni akitua nyumbani amebeba habari za mtu aliye mbali. Akiondoka mzima, mtu huyo atarudi. Akifia uani, basi tena. Na mtu wetu wa mbali alikuwa baba, aliyepanda lori Makambako kwenda kukata mkonge Tanga, akawa kimya.

Bibi akawa anammwagia ndege ulezi kila asubuhi. Jioni aliamuru baba atengewe ugali wake.

"Mama, sisi ni Wakristo," mama yangu alilalamika. "Huyu ndege kapotea njia tu. Na ugali wenyewe unalala bure."

"Tenga," Bibi alisema. "Mwanangu akirudi ale nini, maneno yako?"

Nilicheka, nikakatwa jicho.

Ikaja ile baridi ya Juni inayogandisha umande kwenye majani. Asubuhi moja nilitoka uani nikamkuta mama amechuchumaa. Ndege alikuwa chini, amekauka. Mama aliinuka. Alichukua jembe, akamfukia kwenye mianzi nyuma ya nyumba, akasawazisha udongo kwa mguu. Kisha akanishika mkono, akanibana mpaka nikaumia.

Bibi alipotoka na ulezi wake, mama alimwahi. "Mama, ndege wako kaondoka. Nimemwona mwenyewe, kashika njia ya Makambako."

Bibi akapiga vigelegele. Jamani, ajuza yule alicheza!

Kuanzia jioni ile mama alitenga ugali wa baba bila kuambiwa, wala hakunung'unika tena. Baba hakurudi, na habari zake hatukuzipata. Bibi alimngoja kwa raha zake mpaka uzee ukamchukua.

Mimi nimesoma, siamini mambo ya ndege. Upepo huwapoteza, basi. Mama naye aliamini nini asubuhi ile, sijui, sikumuuliza. Ila siku tulipomzika Bibi, mama aligaagaa chini mpaka wanawake wakamshikilia, na majirani wakasema, huyu alimpenda mkwewe kweli. Alimpenda, ndiyo. Lakini mimi nilikuwa karibu, na jina alilokuwa akiliita lilikuwa la baba.