Kofia ya Baba Juu ya Theluji

Asubuhi ya leo kioo cha gari kilikuwa kimeganda, nikaingia jikoni nikachukua mwiko wa Mama, ule wa kugeuzia pilau, nikatoka kukikwaruza. Ule mlio, krr, krr, ukanisimamisha pale pale, mwiko mkononi. Nisikilizeni kidogo, maana habari hii sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa DeSoto, jimbo moja na Houston, ambako theluji ni nadra, kwenye fleti za ghorofa mbili: sisi tuliotoka Mombasa chini, na juu yetu Papa Kasongo, Mkongo, na watoto wake. Baba alikuwa dereva wa lori. Theluji ilipoanguka alikuwa njiani akitokea Houston. Alipiga simu mara moja tu, akasema barabara kuu imeganda, malori yamepangana, na chaji inamwishia. Baada ya hapo, kimya. Mama alipiga, akapiga tena. Siku mbili nzima alipika huku simu imeegemezwa kwenye mkebe wa chumvi, aione.

Siku ya tatu Papa Kasongo akasema watoto wakizidi kufungiwa ndani watatafunana, heri baridi yenyewe tuifanyie sherehe. Kila nyumba itoe sanamu ya theluji na kitu cha moto cha kunywa. Glavu hatukuwa nazo, tukavaa soksi mikononi. Makoleo hayakuwepo, yakatoka masinia, sufuria na miiko. Uwanja wa magari wote ukanukia tangawizi. Mama alituruhusu kwa sharti moja: sisi Waislamu hatufanyi umbo la kiumbe. Tukafanya birika. Mdomo wake ulikatika mara tatu, na tumbo likazidi kuvimba kwa kila kiraka tulichotia.

"Mama Zuhura," Papa Kasongo akauliza, "birika yenu hii iko na mimba?"

Watu wakacheka. Mama naye alicheka, lakini mkono wake haukutoka mfukoni ilimokuwa simu.

Mimi sikuweza kucheka. Nilikwenda nyuma ya birika, upande unaotazama barabara, nikaanza kujenga peke yangu. Mabega mapana, shingo fupi. Kisha nikaingia ndani nikaleta kofia ya Baba ya vito, ile ya kudariziwa aliyovaa Ijumaa msikitini, nikalivika lile umbo. Kwa akili yangu ya miaka tisa niliamini kwamba akishakuwapo pale kidogo, atakuja mzima.

Mama aliiona kofia kabla ya kuniona mimi.

"Nani kakwambia ufanye mtu?"

"Si mtu. Ni Baba."

Alinisogelea. Akaitwaa kofia, akaipangusa kwa mtandio wake. "Mtu hafanywi, mwanangu," akasema. "Mtu huombewa." Akaenda zake, lakini umbo hakulibomoa.

Jioni ile jirani mmoja akasoma kwenye simu kwamba kesho jua litatoka. Wote wakashukuru. Mimi sikushukuru. Ikiwa nimemfanya Baba kwa theluji, na jua likamyeyusha, si nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu mwenyewe? Nililala na soksi zile mbichi mikononi, niwe tayari kumtia theluji nyingine.

Nilipoamka mapazia yalikuwa yanang'aa. Nikasikia krr, krr. Nikachungulia. Mama alikuwa amepiga magoti majini, buibui limelowa. Kando yake sinia limejaa theluji aliyoikwangua kwa mwiko chini ya ngazi, palipobaki kivuli. Aliibandika mabegani mwa lile umbo, akaipigapiga kwa kiganja. Ikadondoka. Akaibandika tena. Kofia alikuwa ameirudisha kichwani. Nikarudi kitandani bila kutoa sauti.

Baba alifika alasiri, ndevu zimetimka, ananuka dizeli, akauliza kwa nini kofia yake ya Ijumaa imevikwa kichuguu.

"Muulize mwanao," Mama akasema, akaingia jikoni haraka.

Lawama zote nilizibeba mimi. Na niseme kweli: siri ile niliitunza miaka mingi kama silaha, kwamba siku Mama atakaponikataza jambo nitamkumbusha aliyevunja sharti lake mwenyewe. Sikuitumia, na sasa hayupo wa kumkumbusha.

Mama alifariki mwaka jana, hospitalini Houston. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba hatapona. Hata hivyo kila asubuhi nilimkanda miguu kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu, ikipoa naanza tena. Ni pale, nimepiga magoti mbele ya kitanda, nilipomwona tena yule mwanamke majini. Hakuwa amevunja sharti lolote. Wala hakuamini kwamba theluji itashinda jua. Alikuwa na hofu kama yangu, ila yeye hakuwa na wa kumwambia, na mikono ilikataa kukaa bure.

Muuguzi, Mkenya mwenzetu, akaniinamia. "Dada, pumzika. Miguu hii haitapata joto tena."

Nikamwambia najua. Nikachota mafuta mengine.