Nilivyompiga kofi chef wangu jukwaani, kwa amri yake mwenyewe

Wakuu, salamu kutoka Buja, yaani Bujumbura. Niliishia darasa la sita na naandika polepole, huu uzi umenichukua siku tatu. Kwa hiyo atakayesema ni chai, kwamba nimetunga, aandike yake kwanza tuone.

Mimi ni mpakiaji kwenye depo ya unga, Zone Industrielle, eneo la viwanda. Sisemi sana. Nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja, namjibu mmoja, mwingine namwachia tabasamu.

Mkubwa wetu, au chef kwa Kifaransa cha huku, ni Papa Sefu. Ndiye anayechagua kila asubuhi nani aingie kupakia na nani arudi nyumbani.

Tunamwita muzungu. Ni mweusi kuliko mimi, lakini huku kwetu anayekupa kazi ni muzungu wako, rangi haihusiki.

Sasa, ujanani mwake Papa Sefu aliigiza mchezo kuhusu Afrika Kusini ya ubaguzi. Yohane, mfanyakazi mweusi, ni mgonjwa, anaketi kwenye benchi la Wazungu. Mkulima Mzungu anakuja, anamdai kipande, ile pasi ya Weusi, anampiga kofi.

Mwaka huu akaamua tuurudishe, na yeye awe Yohane tena, na kitambi chake chote.

Mzungu nikawa mimi.

"Huyu anatoka ku kazi amekuwa mweupe tayari," alisema. "Na ule Muzungu hasemi mingi."

Fikirieni, wakuu. Nisipopiga, mchezo umekufa. Nikipiga vibaya, kazi imekufa.

Kwenye mazoezi, mwenzangu Bosco alitakiwa kupaza sauti, "Muzungu anakuja!" ndipo niingie. Siku ya kwanza aliposema tu, Papa Sefu akainuka benchini, akanyoosha shati, akatoka nje na kuingia tena kwa mlango. Mazoea hayo.

"Papa, weye uko mweusi huku!" Bosco akamwambia.

Kofi lenyewe tulikuwa tunapiga hewa tu. Papa Sefu alisema kofi la kweli tulitunze kwa ajili ya watu.

Jumapili mchana ukumbi wa mtaa ukajaa. Wapakiaji wote mbele, na mke wake, Mama Zaina, kwenye kiti cha plastiki. Nikaingia na kofia kubwa na unga usoni. Jasho likaanza kuugeuza uji.

"Kipande chako kiko wapi?" nikauliza.

"Sauti!" wakapiga kelele nyuma. "Huyu Muzungu anaogopa!"

Nikainua mkono. Nikamwangalia Papa Sefu. Mdomo ukasema wenyewe:

"Samahani, chef."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Papa Sefu akaninong'oneza, lakini koo lake limezoea kuita malori:

"Nipige, we! Ao kesho usikuje ku kazi!"

Walisikia mpaka barabarani. Bosco akasahau kwamba naye anaigiza, akasema, "Ehee! Sasa tumejua muzungu wa hapa ni nani!"

Wakacheka zaidi, na sasa walikuwa wananicheka mimi.

Hapo nikapiga.

Mkono wa magunia, wakuu. Alitakiwa kujibu, "Ndiyo, baas," yaani bosi kwa Kikaburu. Badala yake alishika shavu akanitazama. Mama Zaina akasimama.

Na mimi, nakiri hapa kwa sababu hamnijui, nilisikia raha. Sekunde tano hivi. Aibu yote iliniisha. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Toka kwenye benchi langu!"

Akatoka kweli, kichwa chini. Hakuna aliyecheka.

Jumatatu asubuhi akachagua wote, nikabaki peke yangu langoni. Akanijia.

"Ile kofi, uliigiza ao ulinipiga kweli?"

Wenzangu wakatua magunia wasikilize.

"Nusu, chef."

Akajipapasa shavu.

"Basi ile nusu ingine uiache kwako nyumbani. Ingia."

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani watu kama yule mkulima wanazaliwa hivyo. Mimi nilihitaji kofia, unga na kuchekwa kidogo tu.

Mwageni maoni, wakuu. Ungekuwa wewe, ungepiga? Ukisema hapana, taja na jina la bosi wako tumuulize yeye.