Baiskeli Mpya Nayo Hukazwa

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, nayo ni ile niliyosimama dukani Katesh nikiwa sijui nataka nini.

Kwanza ujue nilikuwa nani. Kijijini kwetu Gehandu walisema sitamaliza chuo, nikamaliza. Walisema nitarudi mikono mitupu. Nikarudi na stashahada ya ununuzi na ugavi, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Sijisifu, nasimulia yaliyotokea. Lakini kaka wa mke wangu, Tluway, alikuwa bado ananiona mtu wa makaratasi. Yeye kila Jumamosi aliendesha baiskeli ya gia kwenye njia za ng'ombe kuelekea Hirbadaw, matembezi tu, si mashindano. Akanialika mbele ya wakwe.

"Shemeji, tutachukua na punda," alisema, "maana wewe utarudi umebebwa."

Wakwe wakacheka. Nikajua nisipofika Hirbadaw nikiwa juu ya baiskeli, ukweni sina heshima tena.

Mzee Hamisi, muuza baiskeli, alikuwa nazo mbili za kunifaa. Moja mpya, nyekundu, usukani bado umefungwa nailoni. Nyingine ya mtumba, rangi imechubuka, chuma chake kizito. Pesa yangu ilitosha moja. Siku ya kwanza niliamua mpya, maana kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku ya pili niliamua ya mtumba. Siku ya tatu kichwa kilijaa ukungu. Mimi, niliyesomea kununua.

Mzee aliinua ile mpya hadi usawa wa goti, akaiachia. Ikalia kama sufuria ndani ya gunia. Akaiachia ile ya mtumba. Ikatoa mshindo mmoja tu.

"Basi nipe hii, nakwenda nayo Hirbadaw," nikasema.

"Ngoja." Akanionyesha ufa mwembamba kama unywele chini ya shingo ya fremu. "Hii haiendi porini. Ile mpya ni nzima, ila haijakazwa. Niachie hadi jioni."

"Mzee, kitu kipya kinatafuta nini kwa fundi?"

"Kijana, mpya nayo hukazwa."

Nilikuwa nimetumia siku tatu kuwaza, na nusu siku ya spana nikainyima. Nikalipa, nikaondoka nayo.

Jumamosi, tulipovuka korongo la kwanza tu, mkono wa pedeli ya kushoto ulichomoka ukabaki umening'inia kwenye kiatu changu. Tluway akageuka.

"Shemeji, hiyo ilikazwa na nani?"

"Ni mpya."

"Sijauliza umri wake."

Akatazama baiskeli, akanitazama mimi, akashuka kwenye yake. "Yangu ni ya mtumba," alisema. "Niliiacha kwa Mzee Hamisi siku mbili ndipo nikaipanda." Tukazisukuma zote mbili hadi Hirbadaw. Njiani alinitania sana, lakini hakupanda tena.

Jumatatu nilirudi Katesh. Nilitoa shikamoo ya sauti ndogo. Mzee Hamisi aliitika marahaba, akanisogezea kiti, akachukua spana. Hakunisema hata neno moja, na karipio lile sijalisahau.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiniuliza mpya au ya mtumba, hata leo nachanganyikiwa. Kwa njia za matembezi, zote hufika. Ya mtumba ikaguliwe fremu, hasa shingoni na kwenye maungio, na rangi mpya juu ya chuma cha zamani isikulaghai. Mpya ikazwe kila nati kabla hujaikalia. Mwambie muuzaji unakokwenda kabla ya kuhesabu gia. Mchagua jembe si mkulima, kweli, lakini asiyelitia mpini vizuri halimi pia. Na kuuliza si ujinga, hata kwa msomi.

Mungu akujalie miguu yenye nguvu na fundi asiyekuficha ufa. Na siku utakayoaibika njiani, akupe shemeji atakayeshuka atembee nawe.