Kidole cha Sita

Kasmir, mwenye duka la vitenge Mtaa wa Msimbazi, alimfukuza mkewe Josepha alipomzaa binti mwenye vidole sita kila mkono. "Kwetu hakuna kitu hicho," alimwambia. "Kamtafute baba yake."

Miaka ikapita. Mwaka wa themanini na nane, mama yake Kasmir akiwa ameshuka kutoka Marangu kumtembelea, Evarista aliingia dukani. Huyu alikuwa mpwa wa Kasmir, akisomea elimu ya viumbe Chuo Kikuu, Mlimani. Akawasimulia habari za inzi wadogo wanaozengea ndizi zilizoiva: chembe moja ya urithi ikiharibika, inzi huota miguu kichwani, mahali pa papasi, vile vipembe vyake vya kunusia.

"Chembe hizo ndizo zinazoamua kiungo gani kiote wapi, mjomba, hata kwetu binadamu. Mtu huzirithi kwa mama au kwa baba."

Mama yake Kasmir akaangua kilio. "Hata wewe, mwanangu, ulizaliwa na vidole vya ziada. Nilivifunga uzi, vikakauka, vikadondoka. Niliona haya kusema."

Kesho yake Kasmir alikwenda Ilala, alikosikia Josepha anaishi. Alimkuta akikaanga maandazi, na binti kando yake akikanda unga kwa mikono ile ile. Kasmir akaomba msamaha.

"Nilishakusamehe zamani," Josepha alisema taratibu. "Lakini mtoto ana baba aliyemlea. Usimvuruge."

Binti akamwamkia, "Shikamoo," kama anavyomwamkia mteja yeyote. Kasmir akaitikia marahaba, akanunua maandazi, akashindwa kuyala.