Maneno Aliyokatazwa Kuandika

Kwa miaka thelathini na mmoja Ordinella Pruitt aliandika kila neno lililotamkwa katika mahakama ya mji wao mdogo, huko Alabama. Mwenyewe husema hakuwa akisikiliza. Maneno yalimwingia masikioni yakashukia vidoleni, kwenye mashine yake ya kuchapia, na roho yake ikaenda zake mtoni, au kwa marehemu mama yake, aliyeruhusiwa kupiga kura kwa mara ya kwanza akiwa na miaka hamsini, amevaa glavu nyeupe za kanisani.

Mwaka wa uchaguzi, tajiri mmoja wa mashamba, Hadley Crewe, aliiomba mahakama ifute majina mia tatu kwenye daftari la wapiga kura, akidai wenyewe wamehama. Wengi walikuwa majirani wa Ordinella. Hawakuhama hata hatua moja. Ni barabara yao tu iliyobadilishwa jina.

Adhuhuri moja, mawakili wakiwa nje wanatafuta hati, Crewe alisogelea meza ya Jaji Thurman Voss.

"Jumamosi tunawinda bata, bwana mkubwa?"

"Kama kawaida. Nyumba yako ya ziwani imenidekeza."

"Na hii kesi?"

"Usikonde. Majina yale yamekwisha."

Jua lilikuwa limelala sakafuni, vumbi likielea ndani yake taratibu. Ordinella akaona vidole vyake vinacheza juu ya mashine, kama anamtazama mtu mwingine usingizini.

"Bi Ordinella," jaji akasema kwa upole, "hayo si ya kuandika."

"Hujaahirisha kikao, Mheshimiwa."

"Tumefanya kazi pamoja miaka mingapi, mama?"

"Mingi. Ndiyo maana nashangaa unaniomba."

Wakili wa wapiga kura, Josephine Tarver, aliporudi aliomba asomewe yaliyosemwa tangu alipotoka. Ordinella akasoma yote, hata bata.

Voss alijitoa kwenye kesi siku ile ile. Akaletwa jaji kutoka mbali, asiyemjua mtu pale, na majina yakabaki daftarini. Lakini mahakamani watu waliacha kumsalimu Ordinella, na baada ya Pasaka hakuitwa tena kazini. Alilia siku mbili, kisha akapanda maharage.

Siku ya kura, ukungu wa mto ulikuwa umefunika barabara yao.

"Shoga, nikipiga chafya usiniandike!" jirani yake Wilma akamtania.

Wakacheka. Foleni ilizama katika weupe, mbele haionekani, nyuma haionekani, sauti za watu aliowajua tangu utotoni zikimjia moja moja. Ordinella alisimama saa mbili nzima, na wala miguu haikumuuma.