Karatasi ya Mbele ya Mchezo wa Riziki

Kacha-kacha-kacha, halafu kimya. Ni punje sita za mahindi ndani ya kopo la majarini, kila punje imeunguzwa upande mmoja kwa msumari wa moto, na ule ukimya ni wa watoto wanane waliozuia pumzi wakisubiri kopo lifunuliwe. Hata leo nikisikia mtu anachambua mahindi, nageuka nikitafuta kopo.

Ninyi mliokulia kambi ya wakimbizi huko Juru wakati mmoja na mimi, mnaukumbuka ule uji wa mahindi ya njano uliokuwa na ladha ya gunia. Mnakumbuka shule, tulivyokaa watatu kwenye ubao mmoja, na mvua ikinyesha tunakuwa watano kwa sababu upande wa dirisha ulivuja. Mpira ulikuwa wa majani ya migomba, na mwenye mpira ndiye aliyeamua nani ameshinda. Halafu dada yangu Riziki akatuletea mchezo usio na mpira wala mshindi.

Riziki alikuwa na miaka kumi na tano, mimi kumi na miwili. Mgeni mmoja aliyepita shuleni aliacha kitabu kinene cha Kiingereza chenye picha za mijusi wenye mabawa. Riziki alikaa nacho muhula mzima, na Kiingereza chake cha kuokoteza, mpaka akaelewa: mmoja anasimulia, wengine wanakuwa watu ndani ya hadithi, na ukitaka kufanya jambo gumu unatikisa kopo. Mijusi aliwaacha humo humo. Yeye akaweka ziwa letu na viboko wake, milima ya Uvira na wanyang'anyi wa barabarani, akaandika sheria zote kwa Kiswahili kwenye kaye, daftari la shule, kurasa ishirini. Ukitoa nyeusi tatu au zaidi, umefaulu. Zikipungua, hadithi inakugeuka.

Kabla ya kucheza ulijaza karatasi ya mtu wako. Jina lake, ametoka wapi, anaweza kufanya nini, anaogopa nini, anatafuta nini. Mtu wangu mimi alikuwa tajiri wa chumvi aliyeogopa kuku.

Wazo la kuiuza ile kaye kama kitabu lilikuwa langu. Tayari nilikuwa naliona duka letu mjini Mbarara, lina kioo mbele, na mimi nimesimama ndani nimevaa viatu. Riziki alinitazama akasema, "Weye unaweza kuuza hata mvua." Basi akanakili vitabu vitano kwa mkono, nikavipeleka sokoni siku ya gulio, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyenunua. Mama mmoja aliuliza kama ni cha kanisa, nikamwambia hapana, akakirudisha chini kwa vidole viwili.

Mama alipopeleka maharage Mbarara nilimfuata, nikaenda hadi duka la fotokopi la mzee mmoja tuliyemwita Haji. Alifunua kitabu polepole, akakuna ndevu.

"Mtoto yangu, hii kitabu iko mzuri. Lakini mtu akiona maneno mingi hivi anachoka. Hii karatasi ya kujaza, mbona umeficha nyuma? Weka mbele. Watu ya kambi wanaheshimu karatasi ya kujaza."

Akatoa kumi na viwili, ile karatasi ikiwa mbele, na mama akamlipa kwa maharage huku akininung'unikia. Halafu Haji, kwa moyo mzuri tu, akachukua muhuri wa duka, ule wa duara wenye wino wa bluu, akagonga kila kimoja. "Ndiyo isionekane ya watoto," akasema.

Gulio lililofuata viliisha kabla jua halijafika utosini. Waliogombania walikuwa watu wazima. Hakuna aliyeuliza unachezaje. Baba mmoja alikikunja akakitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi yake ya chakula. Hapo ilinipasa kujiuliza. Sikujiuliza. Niliimba njia nzima.

Kesho yake Koko Nabintu akaniita. Koko ni bibi kwa lugha ya kwetu, na huyu alikuwa jirani yetu, mwanamke wa peke yake na jembe lake. Alikuwa amenunua kimoja, na hakujua kuandika. Nikakaa kwenye mkeka wake, nimefurahi sana, nikidhani anataka kucheza.

"Koko, unaogopa nini?"

"Maji mingi."

"Unaweza kufanya nini?"

"Kulima. Na kuzalisha bamama."

"Unatafuta nini?"

Akanyoosha kitenge magotini. "Mutoto yangu Amani. Andika muzuri, wasikosee. Tuliachana naye fasi ya kuvukia maji."

Niliandika kwa mwandiko wangu bora. Nilifikiri, huyu atatushinda sote kwa hadithi. Ndipo akauliza, "Sasa majibu itatoka siku gani?"

"Majibu gani, koko?"

"Ya safari. Mbegu niliisha kupatia jirani. Sitalima tena, mimi ni mutu ya kuondoka."

Mliokaa kambini hamhitaji kuelezwa. Karatasi yenye muhuri, inayokuuliza umetoka wapi na unaogopa nini, kwetu ilikuwa kitu kimoja tu: fomu ya kupelekwa ng'ambo. Kila nyumba iliisubiri. Na mimi nilikuwa nimeiuza sokoni, kumi na mbili.

Nilisema sijui, nikaondoka. Siku nne nilizunguka njia ndefu ya kuchotea maji nisipite mlangoni pake. Mvua ikaanza. Mashamba yote yakapasuliwa, la kwake likabaki nyasi, na kila tone lililogonga bati nililihesabu kama siku yake ya kula inayopotea. Ugali niliusogeza pembeni. Mama akanitazama: "Weye mwenye maneno mingi, leo nani amekufunga mulomo?"

Nikamwambia yote. Hakunipiga. Alisema, "Mulomo yako ndiyo iliuza. Mulomo yako ndiyo itaenda kusema."

Tulizunguka na Riziki, nyumba kwa nyumba. Baba mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Yule wa mfuko wa nailoni alikataa kukirudisha. Alisema tunawapunguza watu ili tuondoke peke yetu. Koko tulimwacha mwisho, na pale mlangoni Riziki akanisukuma mbele.

Alikuwa anafagia. Nyuma yake niliona mzigo umefungwa kamba. Nilisema nimesimama, haraka haraka. Fagio halikusimama.

"Na ile muhuri?"

"Ni ya duka, koko."

"Duka ya nini?"

"Ya karatasi."

Alicheka kidogo, kisha akaegemea ukuta. Nilitamani anitukane. Mama alimpa mbegu, na sisi wachezaji wote wanane tukamlimia kwa siku mbili, tukiangalia mawingu kila mara, tukiogopa yataondoka. Maharage yalitoka machache, lakini yalitoka.

Karatasi yake hakutaka kuirudisha. "Hakuna mutu aliisha kuniuliza hivi," alisema. Jumamosi moja akaja, akakaa kati yetu. Riziki akamsimulia: uko fasi ya kuvukia, ng'ambo kuna kijana amekupa mgongo, umwite. Koko akashika kopo. Tukazuia pumzi. Akaliweka chini bila kulitikisa. "Siku ingine," akasema.

Siku hiyo haikufika. Baadaye alirudi upande wa Kongo kumtafuta mwenyewe, na karatasi akaniachia.

Sasa nashona nguo kwenye baraza huku Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara. Riziki ndiye aliyepata ile safari. Yuko nchi ya baridi na ananiandikia kwamba huko mchezo wetu una maduka yake, yenye kioo. Watoto wa wateja wangu wanakaa na simu ya mama yao, wanaua watu arobaini humo mchezoni kabla sijamaliza kifungo kimoja, na hawamuulizi hata mmoja jina lake. Nikiwaambia sisi tulicheza kwa mahindi wananiona mzee, na mimi sijafika hata ishirini na tano. Sitawadanganya kwamba siku zile zilikuwa tamu tupu. Lakini tulikaa wanane kuzunguka kopo moja, na ulipozungumza, wengine walisikiliza.

Juzi, baada ya kufunika cherehani, nilichoma punje sita upande mmoja. Nikatandaza karatasi ya Koko mbele yangu, nikatikisa kwa niaba yake, nikafunua. Nyeusi mbili.

Nikaigeuza ya tatu kwa ncha ya kidole.